Gari jipya ughaibuni: kifurushi cha kulinda rangi, chumvi ya barabarani na karatasi unazowekewa mbele

Mkishakubaliana bei ya gari na muuzaji, usidhani umemaliza. Utapelekwa ofisi ya pili, kwa mtu mwingine mwenye tabasamu pana zaidi, yule wa mambo ya mkopo. Hapo ndipo kinapoibuka "kifurushi cha kulinda rangi", yaani dawa ya kupaka juu ya rangi ya gari pamoja na dhamana yake. Atakutajia kiasi cha kila mwezi, kidogo tu. Jumla yake hataitaja mpaka umuulize, na hatakukumbusha kwamba kwa kuwa kimetumbukizwa ndani ya mkopo, utakilipia riba mpaka mwaka wa mwisho. Usisaini. Narudia, maana najua ukiona funguo ziko mezani akili inahama: usisaini siku hiyo.

Kilichonikuta mimi ni hiki. Karatasi ilisema dhamana ya miaka kadhaa dhidi ya kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na kupauka kwa rangi. Ndege wakaja, kama kawaida yao, wakaacha mzigo juu ya boneti siku za joto. Nilipousafisha, pakabaki alama kama ramani ya kisiwa: katikati pamefifia, kingo zimebonyea, ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Nikalipeleka gari kwao. Wakaomba risiti ya ukaguzi wa kila mwaka, uliofanywa kwao wenyewe, ndani ya muda waliouandika ukurasa wa nyuma. Ukaguzi ulikuwepo, ila ulifanyika wiki chache baada ya muda huo kupita. Dai likafutwa.

Tena hata ningewahi, kulikuwa na kifungu kingine: mwenye gari lazima aondoe kinyesi upesi. Hebu kisome tena hicho. Ukikiondoa upesi, hakuna alama ya kudai. Ukichelewa, alama inaingia na dhamana inakukana. Sasa umelipia nini?

Huku watu wana adabu sana. Hakuna aliyenipandishia sauti, na kahawa nilipewa. Lakini mdomo unaahidi, karatasi inakanusha, na inayosikilizwa ni karatasi. Tumezoea kumpima mtu kwa macho na maneno yake, tukasahau kwamba huyu muuzaji mwakani huenda asiwepo hapo kabisa. Kwa hiyo omba nakala tupu ya mkataba wa kifurushi, nenda nayo nyumbani, na anza kusoma ukurasa wa mambo ambayo dhamana haiyalipii. Wakikuambia nakala haitoki ofisini, jibu umeshalipata. Na wakikuambia dawa imeshapakwa gari likiwa bado yadi, usitishike: hukuiagiza, waambie waiondoe kwenye bei.

Siri yenyewe ni ndogo. Rangi ya kiwandani, tabaka zote pamoja, mara nyingi ni kama maikromita 100 hadi 150. Klia ya juu, ile inayong'aa, ni kama 40 au 50 tu, nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Vifurushi vingi ni kimiminika cha kupaka juu ya hiyo klia. Kinasaidia maji yateleze na uchafu usigande sana, basi. Hakizuii kokoto linaloruka kutoka kwa lori lililo mbele yako. Hilo linahitaji filamu ya plastiki inayobandikwa kwenye boneti na bampa. Ukitaka seramiki ya kweli, ile dawa inayoganda ngumu juu ya klia, tafuta fundi wako mwenyewe baadaye, akuonyeshe anachopaka, na ulipe taslimu bila riba. Na hata ukishapaka seramiki, gari bado linaoshwa. Hakuna dawa ya kukuondolea ndoo.

Adui mkubwa kwenye nchi za baridi hata hakai juu ya rangi. Ni chumvi. Ile chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani huishiwa nguvu baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi za hasi, kwa hiyo sehemu nyingine huchanganya kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu, ambazo huvuta unyevu hewani na kubaki majimaji chini ya gari. Mtu akiona boneti safi anaridhika, kumbe chini, kwenye viungo vya chesisi, mabomba ya breki na ndani ya matao ya magurudumu, kazi inaendelea. Kuingiza gari lenye chumvi kwenye gereji yenye joto ni kuiharakisha kutu, maana kemia hupenda joto. Ngoja siku baridi itakapolegea, nenda mahali penye kuosha chini ya gari, piga maji mengi. Majira yote ya baridi fanya hivyo mara kwa mara, na theluji ya mwisho ikiyeyuka osha chini kwa utulivu zaidi ya siku zote.

Usijidanganye kwamba dhamana ya mtengenezaji itakulipia kutu. Kwa kawaida inahusu bati lililotoboka kabisa kutokea ndani. Kutu ya juu, au iliyoanzia palipogongwa na kokoto, ni yako. Karatasi tena.

Sasa nyie ndugu mnaokuja kutembea. Tunawapenda, na tunajua mnataka kusaidia. Shemeji yangu aliamka mapema akakwangua theluji ya kwenye paa la gari kwa koleo la bustani, akaingia ndani anafurahi. Theluji hubeba mchanga, na koleo ni koleo. Tumieni kifagio laini cha kazi hiyo, achieni inchi moja ya mwisho, gari likipata joto ndani italegea. Maji ya moto kwenye kioo kilichoganda yanaweza kukipasua. Na sabuni ya vyombo wekeni chini: inakata mafuta, na nta nayo huondoka nayo.

Jingine: msitoe ndoo barabarani mbele ya nyumba kabla ya kuuliza. Ujerumani, kwa mfano, kuosha gari kwenye barabara ya umma kwa kawaida hakuruhusiwi, na uwanjani kwako inategemea manispaa, kwa sababu maji yenye mafuta hayatakiwi kuingia kwenye mifereji ya mvua au ardhini. Jirani hatakuja kukuonya. Atakusalimia vizuri asubuhi, kisha barua itakuja. Sijui nani aliwafundisha watu kuogopa kugonga mlango kuliko kuandika barua, lakini ndivyo walivyo, na kwa sheria hii wana haki.

Mengine unayajua. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Kivulini, bati likiwa limepoa. Anza juu, rimu mwisho na kitambaa chake. Kausha kwa taulo ya maikrofaiba. Zile mashine za brashi ziepuke: brashi imetoka kusugua matope ya gari lililokutangulia, na mikwaruzo yake utaiona jua likilipiga gari ubavuni. Nta kila baada ya miezi michache. Kinyesi cha ndege kilowanishe kwa maji na kitambaa, kiachie kilainike, ndipo ukinyanyue bila kusugua. Siku ya jua kali usingoje jioni.

Kama umeshasaini kifurushi, fungua mkataba leo utafute kifungu cha kusitisha. Mara nyingi vifurushi hivi vinaweza kufutwa na sehemu ya pesa ikarudi, hasa siku za mwanzo. Andika barua, usipige simu, na baki na uthibitisho kwamba imepokelewa. Kama kilikuwa ndani ya mkopo, pesa inaweza kwenda kupunguza deni badala ya kuja mfukoni mwako, kwa hiyo omba taarifa mpya ya mkopo uone salio limeshuka. Mimi niliahidiwa kwa simu kwamba limeshashuka. Taarifa ilipofika, halikuwa limeshuka hata senti, ikabidi niandike upya.