Namna ya kufundisha gwaride bila kurithi kiboko

Kila Novemba nanoa kikosi cha skauti hapa Tabora kwa ajili ya tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru, na kila mwaka hakosekani mzazi wa kuniuliza: mwalimu, mbona unawafunza watoto wetu mambo ya mkoloni? Swali lake ni la haki. Hivi ndivyo ninavyofanya, nawe mwalimu mwenzangu jaribu.

Siku ya kwanza usitoe amri hata moja. Waketishe chini ya mwembe, uwasimulie kwata limetoka wapi. Mjerumani alijenga boma hapa, akawapigisha kwata askari Waafrika, na hakuna mwananchi aliyeulizwa. Waeleze hamsa ishirini ni nini: viboko 25, mtu kalazwa kifudifudi. Akaja Mwingereza na King's African Rifles, jeshi lake la askari Waafrika. Mwaka 1961 tawi lake la hapa Tanganyika likabadilishwa jina tu, likawa Tanganyika Rifles. Tarehe 20 Januari 1964 wanajeshi wakaasi Dar es Salaam, kesho yake na kambi ya hapa kwetu. Serikali ikalivunja, na tarehe 1 Septemba ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jeshi jipya kabisa, lakini "mguu sawa" na "mguu pande" zikabaki. Waulize kwa nini. Usiwajibie, waache wabishane.

Mzazi akizidi kubisha, mtajie Liemba ya Kigoma: ilikuwa Graf von Götzen, meli ya kivita ya Wajerumani, ikazamishwa 1916, ikaopolewa, ikaja kubeba abiria na mizigo ya watu wetu.

Siku ya pili, chora mstari wa majivu uwanjani. Visigino viguse mstari, vidole vya miguu vifunguke kidogo. Kwenye "nyuma geuka" ndiko wengi huyumba. Aliyekosea ashikwe bega na mwenzake wa kushoto, warudie wote wawili polepole. Fimbo usije nayo kabisa. Mimi nilichapwa kwenye ugoko kwa kuchelewesha mguu, na hadi leo nikisikia "kushoto geuka" ugoko unakaza. Hicho ndicho cha kutupa, tena kwa mikono miwili. Saluti kwa bendera ibaki. Bendera ni yetu.

Kiongozi wa kikosi usimteue wewe. Wamchague wenyewe kwa kunyoosha mikono. Mwaka jana walimchagua binti mfupi kuliko wote, mwenye sauti kali kama filimbi. Akishasimama mbele, wewe rudi nyuma ya mstari, unyamaze.