Kukata rufaa ya kesi ya shamba Kisumu: hesabu siku kwanza

Somo hili ni la aliyeshindwa mbele ya jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, naye anataka kwenda Mahakama ya Rufaa pale Kisumu. Ukishindwa kwa hakimu njia ni nyingine: una siku 30, na rufaa huanzia kwa jaji.

Kwanza, notisi ya rufaa. Una siku 14 tangu hukumu iliposomwa, si tangu ulipopata nakala! Hapa ndipo watu wetu huumia. Wanangoja nakala, wanangoja jamaa wachange pesa za wakili, siku zinakwisha. Notisi ni karatasi fupi isiyohitaji sababu. Inasema tu hukuridhika na unakusudia kukata rufaa. Iwasilishe kwa msajili wa mahakama ileile iliyokuhukumu, kisha mpe mpinzani nakala ndani ya siku 7.

Pili, andika barua kuomba kumbukumbu za kesi zilizochapwa, ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mpinzani apate nakala ya barua. Ukifanya hivyo, muda ambao masjala itatumia kuziandaa hauhesabiwi dhidi yako, na msajili atakupa cheti cha kuthibitisha muda huo.

Tatu, rekodi ya rufaa yenye hoja zako, ndani ya siku 60 tangu notisi. Majaji watatu wataisoma. Mashahidi hawaitwi upya. Kagua kila ukurasa.

Maswali

Bondo: Wakili, notisi tumeweka. Mbona bado wanataka kututoa shambani?
Notisi haizuii utekelezaji. Ombeni zuio chini ya kanuni ya 5(2)(b) ya Kanuni za Mahakama ya Rufaa, mkionyesha kwamba rufaa ina hoja ya kusikizwa, na kwamba mkitolewa sasa hata ushindi utakuwa bure.

Mumias: Siku 14 zilipita mama akiwa amelazwa. Tumekwisha?
Bado, na pole kwa mama. Jaji mmoja wa Mahakama ya Rufaa anaweza kuongeza muda chini ya kanuni ya 4 ya kanuni hizo. Ataangalia mmechelewa kiasi gani na kwa nini. Ambatisheni karatasi za hospitali, na msikae hata wiki.

Njoro: Hakimu alinikataa, jaji pia. Naweza kueleza tena nani alilima wapi?
Hapana. Rufaa ya pili ni ya hoja za kisheria tu. Kama jaji alikosea sheria, njoo; Mahakama ya Rufaa inakaa Nakuru pia, huna haja ya kufunga safari ya Kisumu. Kama ni ushahidi tu unaokuuma, usiuze ng'ombe kwa ajili ya rufaa hiyo.