Mashine ya michezo ya Nintendo Switch iliyotumika: ipime mtandaoni kabla ya kutoa dola

Muuzaji wa Soko la Kenya, hapa Lubumbashi, atakuwashia mchezo na utachezeka vizuri. Hilo halithibitishi kitu: Nintendo Switch iliyofungiwa na kampuni huduma za mtandaoni kwa sababu ya udukuzi hucheza nje ya mtandao bila shida. Washa hotspoti ya simu yako, unganisha akaunti ya Nintendo yenye nchi inayohudumiwa na eShop (duka la mtandaoni la Nintendo), mfano Ufaransa, kisha ufungue eShop. Ikitokea kosa 2124-4007, yaani mashine imefungiwa, mrudishie mwenyewe mashine yake.

Usidanganywe kwamba "utaifomati tu". Kinachofungiwa ni mashine yenyewe, kupitia cheti cha kidijitali kinachoitambulisha, kilichomo ndani yake. Kufomati hufuta data, cheti kinabaki palepale. Kupima muunganisho kwenye mipangilio nako hakutoshi, maana intaneti inaweza kupita huku huduma zimefungwa.

Toa pia kadi ya microSD uisome kwenye kompyuta. Folda "Nintendo" ni ya kawaida. "Atmosphere" ni alama ya udukuzi. Kukosekana kwake hakusafishi mashine, kwani kadi hubadilishwa kwa sekunde chache (na wauzaji wanalijua hilo). Usipoinunua, futa akaunti yako kwenye mashine hiyo kabla ya kuondoka.