Kumfundisha Mtoto Kuweka Akiba
Mzazi wa Tanga anayetaka mwanawe ajue thamani ya fedha aanze na kibubu, lakini amwache mtoto mwenyewe ataje anachokusudia kununua, kwa kuwa akiba isiyo na lengo huvunjwa upesi. Akipewa shilingi 1,000, atenge 200 kabla ya kutumia chochote. Kusubiri kitakachobaki ni kujidanganya.

Kijana wa sekondari apewe jukumu zito zaidi: akabidhiwe fedha za mboga za siku moja, aende soko la Mgandini, alinganishe bei, kisha aandike daftarini alichonunua na chenji iliyorudi. Akizidisha matumizi, asifidiwe, ingawa hapo ndipo wazazi wengi hulegea. Kibubu kikijaa, mzazi amfungulie akaunti ya mtoto benki, wala asizikope fedha hizo kimyakimya.