Meseji za wateja kwanza, mashine baadaye: ninavyopanga posti za duka la vitenge Arua

Nauza vitenge hapa Arua, Uganda, na nusu ya wateja wangu hawajawahi kukanyaga dukani. Wako Koboko, Nebbi, Ariwara upande wa Kongo, wengine Juba. Wananijua kwa stetasi ya WhatsApp na TikTok. Zamani walinijua kwa Facebook, mpaka ilipofungwa nchini Januari 2021, siku za uchaguzi. Wenye VPN, programu ya kupita kizuizi, waliendelea nayo. Wateja wangu hawakuwa na subira hiyo, nami ukurasa nilioulea miaka minne ukabaki kama nyumba isiyo na mtu.

Wenzangu sokoni wakisikia natumia akili mnemba hudhani naiamuru tu, "Nitungie tangazo." Nilianza hivyo kweli. Nikaletewa: "Pendeza kwa vitenge vyetu vya kipekee vinavyoakisi urithi wa Kiafrika." Nikaipandisha. Wifi yangu akapiga simu: "Hili duka bado ni lako, au umewauzia watu wa wizara?" Siku hiyo hakuna aliyeuliza hata bei.

Sasa nafanya kinyume. Kabla ya kuigusa programu yoyote narudi kwenye meseji. Fungua WhatsApp, rudi nyuma mwezi mzima, nakili kila swali la mteja. Swali tu: jina liondoe, na namba ya simu iondoe. Sheria ya kulinda taarifa za watu tunayo tangu 2019, lakini hata ingekuwa haipo, mama aliyekunong'oneza kwamba anatafuta kitenge cha sherehe ambayo mumewe hajaisikia hakukutuma ukaisimulie mashine.

Mimi nilipata maswali 74. Nikayabandika yote na kuandika hivi:

"Mimi ni muuza vitenge Arua, Uganda. Haya ni maswali ya wateja wangu. Yapange kwa mafungu, uniambie kila fungu lina mangapi, na unipe mifano mitatu ya kila fungu kwa maneno yao wenyewe, bila kuyasahihisha."

Hayo ya mwisho usiyasahau. Mara ya kwanza niliyasahau, na "Mama, hii rangi haitoke?" ikarudi imevaa suti: "Je, kitambaa hiki huchuja rangi?" Mteja wangu wa Ariwara haongei hivyo, na akisoma hivyo atajua si mimi. Maneno yake ndiyo ninayoandika juu ya video, kama alivyoyaleta.

Halafu hesabu upya kwa kalamu. Mafungu niliyoletewa yalijumlisha 81, sijui hayo saba yaliulizwa na nani. Hesabu yangu ilitoka hivi: maswali 29 ni ya usafiri, yaani mzigo unafikaje, nani anabeba, nalipa kabla au baada; 21 ni ya kuchuja rangi; bei 13 tu, mengine 11 ni mchanganyiko. Nami kwa miaka nilikuwa napandisha picha na bei, picha na bei, najibu swali ambalo wachache waliuliza.

Hapo ndipo nikaomba mawazo, na nikaieleza programu hali yangu: "Nipe mawazo kumi ya video fupi zinazojibu fungu la usafiri. Niko peke yangu dukani, nina simu moja, mwanga mzuri unaisha saa nne asubuhi, na sichezi dansi." Usipotaja mipaka yako utapewa mawazo ya mtu mwenye wafanyakazi sita. Kati ya kumi nilitupa saba. Moja kati ya yaliyobaki ndiyo video iliyonilipa kuliko zote: nakunja kitenge cha yadi sita, nafunga kwa karatasi, naandika jina la kubuni juu yake, natembea hadi stendi ya teksi, namkabidhi dereva, na mwisho inaonekana meseji ya Mobile Money ikiingia. Sekunde 40. Siku hizi mteja mpya akiuliza mzigo unafikaje, namtumia hiyo, narudi kwa aliye mbele yangu.

Ya kuchuja ilikuwa rahisi zaidi: beseni jeupe, sabuni, kitenge ndani, kamera inabaki kwenye maji. Kinachochuja nakionyesha pia, nasema nakiuza kwa bei ya chini.

TikTok inakuonyesha watu wanaondokea wapi kwenye video. Nilipiga picha ya ule mstari unaoshuka, nikaipa programu pamoja na maelezo ya video, nikauliza kinatokea nini sekunde ya tatu. Jibu: bado unasalimia. Ni kweli. Sisi huku salamu ina ya usiku, ya watoto, ya mvua. Sasa kitenge kinakung'utwa kwanza, kinapiga sauti yake, kinajaza skrini nzima. Salamu inafuata. Mama yangu ameiona na hajapenda.

Picha za kutengenezwa na mashine usizitumie kwa bidhaa. Nililipia kosa hili. Nilikuwa na kitenge cha ndege wa njano, nikaiomba programu moja inionyeshe mwanamke amekivaa. Alitoka mrembo, gauni limemkaa, nikampandisha jioni. Asubuhi meseji tatu: "Mama, ile ya ndege ya bluu iko yadi ngapi?" Nikatazama tena. Mashine ilichora ndege wake yenyewe, wa bluu, na mmoja kiunoni alikuwa na miguu mitatu. Mmoja wa wale watatu alikuwa ametuma pesa usiku. Nikamrudishia pamoja na gharama ya kutuma, na kwa wiki mbili akawa haniamini hata nikituma picha halisi. Tangu hapo mashine inapanga maneno, na kitenge kinapigwa picha mlangoni kwangu, juani.

Maelezo ya kitambaa nayo yasome neno kwa neno. Ukiandika "kitenge" tu, unaweza kuongezewa "pamba asilia" bila kuulizwa, na cha kwako ni poliesta.

Kwa kalenda ya posti, ipe programu ya kwako. Ukiiachia ikupangie, itajaa sikukuu za Marekani. Mimi huandika: shule zinafunguliwa Februari, mwishoni mwa Mei, na Septemba, pesa yote inakwenda karo; Idd; harusi za Desemba. Kwa majuma ya karo naomba posti za kulipa kidogo kidogo, si za mzigo mpya.

Programu ipi? ChatGPT na Gemini zina toleo la bure, na Meta AI imo ndani ya WhatsApp yenyewe. Uganda tulikuwa kati ya nchi za mwanzo kuipata, Aprili 2024. Kwa Kilugbara, Sunbird AI ya Kampala wanashughulikia tafsiri ya lugha zetu. Hata hivyo sipandishi Kilugbara kabla wifi hajasoma, na yeye hanihurumii.

Kitu kimoja sijakikabidhi: kupatana bei. Mteja akiandika "Mama, punguza," naweka pembeni majibu yote yaliyoandaliwa, namrekodia sauti, nacheka kidogo, namuuliza ana shilingi ngapi mkononi.