Prado iliyotumika: namna ya kuikagua kabla hujatoa hela

Prado ni gari gumu, na ugumu huo ndio unaowaponza wanunuzi. Gari dogo likikosa oili safi au kulenti linazima njiani, mwenye nalo analitengeneza atake asitake. Prado inaendelea kutembea na ugonjwa wake miaka mitatu, minne, huku rangi inang'aa na kiyoyozi kinapuliza. Wa kuja kulipa ni wewe uliyenunua. Kwa hiyo kilomita na mwonekano viache kwanza. Tafuta ushahidi kwamba gari hili lilitunzwa.

Mwongozo huu unahusu Prado 120 (2002 hadi 2009) na Prado 150 (kuanzia 2009), ambazo ndizo familia nyingi hununua kwa sababu ya siti saba. Nenda asubuhi, siyo jioni na siyo wakati wa mvua, maana maji huficha rangi mbaya na michirizi ya oili. Beba tochi, bisibisi bapa, sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa, jeki, na kile kifaa cha kusoma hitilafu za kompyuta. Tenga saa mbili. Muuzaji akikuharakisha kwa kisingizio kwamba kuna mteja mwingine njiani, mwache amuuzie huyo.

Hatua ya 1: Jua unanunua injini gani

Soma herufi za mwanzo za namba ya chasisi. TRJ ni petroli ya 2.7 (injini ya 2TR-FE), GRJ ni petroli ya 4.0 yenye silinda sita (1GR-FE), KDJ ni dizeli ya 3.0 (1KD-FTV) na GDJ ni dizeli ya 2.8 (1GD-FTV). Gari la soko la Japani lina namba fupi, herufi hizo zikifuatiwa na tarakimu. Ukikuta namba ya tarakimu na herufi 17 inayoanza na JTE, gari hilo lilijengwa Japani kwa ajili ya soko la nje: Uingereza, Australia, Ghuba, au liliuzwa jipya hapa hapa.

Jambo hili lina maana kubwa kwa dizeli. Japani yenyewe haikuuza Prado 150 ya dizeli mpaka katikati ya 2015, ilipokuja GDJ. Kwa hiyo dalali anayekuambia KDJ150 ya 2012 "imetoka Japani moja kwa moja kwa mnada" hajui anachouza, au anajua. Muulize ilitoka nchi gani. Ikiwa ni Uingereza, weka akilini kutu, maana kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Ikiwa ni Ghuba, hakikisha usukani haukuhamishwa kutoka kushoto. Angalia waipa: zikilala kuelekea upande usio wa kawaida kwa gari la usukani wa kulia, au dashibodi ikiwa na maungio yasiyokaa sawa, achana nalo.

Kuhusu uchaguzi wenyewe: TRJ ndiyo salama kwa mtu asiye na fundi mzuri, ina cheni badala ya mkanda wa taiming na haina makuu. Ila ni nzito kwa injini yake. Ukiwa na watu saba na mizigo kwenye mlima Kitonga, zile za gia nne otomatiki zitapiga kelele sana na kwenda kidogo. GRJ ina nguvu tele na kiu tele. Dizeli ina nguvu na inakula vizuri, lakini ikiharibika, bei yake ni ya dizeli.

Hatua ya 2: Pima ukweli wa kilomita

Odometa ya kidijitali hurudishwa kwa dakika chache. Kwa gari lililotoka Japani, omba cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali wa mwisho, na mara nyingi za ule uliotangulia pia. Omba na karatasi ya mnada. Daraja R au RA maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Karatasi za kughushi zipo nyingi, hivyo namba ya chasisi ilingane na ya gari herufi kwa herufi.

Kisha fungua mlango wa dereva na boneti utafute stika za Kijapani za kubadilisha oili au mkanda. Mwaka ukiandikwa kwa kalenda yao, fanya hesabu hii: mwaka wa Heisei (H) jumlisha 1988, mwaka wa Reiwa (R) jumlisha 2018. Stika ya H28 ni ya 2016. Ikisema kilomita 143,000 na leo dashibodi inasoma 98,000, kazi imekwisha.

Pedali ya breki iliyolika mpaka chuma, usukani uliokuwa laini kama sabuni na siti ya dereva iliyobonyea upande wa mlango havifanani na gari la kilomita 80,000.

Hatua ya 3: Chasisi kwanza, bodi baadaye

Bodi ya Prado imekaa juu ya chasisi, na chasisi ndiyo gari. Lala chini na tochi. Kutu ya juu juu ya rangi ya chai isikutishe. Kinachotafutwa ni kutu inayobanduka kwa magamba. Anzia nyuma: pale mikono ya saspenshi ya nyuma inaposhikana na chasisi, mihimili ya kati, na matundu ya kutolea maji ambamo tope hukaa. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hulia kama kopo lenye mchanga. Magari yaliyoishi pwani, Tanga hadi Mtwara au Mombasa, yachunguzwe zaidi. Lami nyeusi mbichi iliyopakwa chasisi nzima ichukulie kama blanketi, na uulize limefunikwa nini.

Namba ya chasisi imegongwa kwenye reli ya kulia mbele, karibu na gurudumu. Isugue kwa kitambaa usome. Herufi zilizopinda, alama za kuchomelea au grainda kuzizunguka ni sababu ya kuondoka bila kuaga.

Juu ya bodi, pitisha sumaku kwenye milango, mbavuni na juu ya magurudumu ya nyuma. Ikikataa kushika, chini kuna puti. Nati za boneti na za mabawa ya mbele zikiwa na rangi iliyochubuka, zilifunguliwa. Soma maandishi ya vioo vyote: kimoja kikiwa cha chapa tofauti, uliza kwa nini.

Dalili za mafuriko hazionekani kwenye zulia, maana hilo hufuliwa. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho utazame mstari wa tope, kisha tazama kutu kwenye reli za siti na tope kavu kwenye soketi za nyaya chini ya dashibodi.

Hatua ya 4: Injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie asubuhi.

Fungua mfuniko wa rejeta. Kulenti ya Toyota ni nyekundu au ya pinki. Maji ya kahawia yanaonyesha gari limelishwa maji ya bomba miaka yote, na ndani kunaoza. Ukiona kitu kama maziwa ya stroberi, oili ya giaboksi imechanganyika na kulenti, kwa sababu kipoozeo cha oili hiyo kimo ndani ya rejeta na kimetoboka. Rejeta ni nafuu. Giaboksi iliyokunywa maji siyo nafuu.

Sasa dizeli ya KDJ, ambayo inahitaji umakini kuliko zote. Chini ya kila nozeli kuna pete ndogo, washa ya shaba inayoziba moto wa silinda. Ikichoka, moshi hupenya chini ya kava la valvu, oili inageuka lami, na lami hiyo huziba chujio la pampu ya oili chini ya injini. Turbo na beringi za kranki hukosa oili huku kipimo kikionyesha oili imejaa. Fungua kifuniko cha oili umulike ndani: ukoko mzito mweusi ni habari mbaya. Iwashe, uweke kifuniko kikiwa kimelegea juu ya tundu. Kutikisika kidogo ni kawaida, ila kikirushwa na moshi ukatoka kwa nguvu, pistoni au ringi zina shida. Pistoni za injini hii hupasuka, hasa nozeli ikivuja na kumwaga dizeli kupita kiasi.

Injini ikishapata moto, unganisha kifaa na usome marekebisho ya kila nozeli bila kukanyaga mafuta. Namba zikae kati ya -3 na +3. Nozeli inayopita hapo inakaribia kufa, na hubadilishwa nne kwa pamoja.

KDJ pia inatumia mkanda wa taiming, unaobadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na soko lilikotoka. Taa ya T-BELT huweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Bila stika au risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na uupunguze kwenye bei.

GDJ ina cheni, lakini nyingi zina chujio la masizi kwenye eksozi, na zile za Japani hutumia na kimiminika cha urea. Ingiza kidole kwenye bomba la eksozi. Chujio likiwa zima bomba ni safi karibu kama sahani. Masizi meusi maana yake limepasuka au limetolewa. Gari la foleni za mjini tu huziba chujio hili, kwa kuwa linahitaji mwendo mrefu ili masizi yaungue.

Kwa petroli, sikiliza mlio wa cheni sekunde za mwanzo. Ukiendelea baada ya hapo, cheni au kikazio chake kimechoka. Kwa GRJ, injini inayotetemeka asubuhi kwa muda mfupi huku kulenti ikipungua bila kuvuja nje inaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya 5: Taa na pampu ya breki

Weka swichi ON bila kuwasha. Taa za injini, ABS na mifuko ya hewa lazima ziwake, kisha zizime gari likiwaka. Ambayo haikuwaka kabisa imeng'olewa ili isikusumbue.

Prado zenye mfumo wa kudhibiti kuteleza hutumia nyongeza ya breki inayoendeshwa na mota ya umeme. Ni kifaa ghali, na wanunuzi wengi hukisahau. Swichi ikiwa OFF, kanyaga breki mara 40 kuondoa presha. Weka ON: utasikia mota ikivuma mbele ya dereva, na isizidi dakika moja. Sasa kanyaga polepole mara moja moja. Mota ikiamka kila unapogusa pedali, kitunza presha kimechoka.

Hatua ya 6: Barabarani

Toka N kwenda D, kisha R. Gia ishike ndani ya sekunde moja au mbili bila kishindo. Kishindo kidogo unapoondoka mara nyingi ni propela iliyokosa grisi, jambo dogo. Mtetemo kwenye mwendo wa 60 hadi 80, kama unapita juu ya matuta madogo, ni wa giaboksi. Mtetemo unaokuja kwenye 100 ni propela au magurudumu. Ukija ukishika breki, ni diski.

Tafuta barabara ya vumbi ujaribu gia ya chini. Simama, weka N, hamisha kwenda L4, kisha funga difu ya kati. Taa ya kufunga difu ya kati iache kumeta. Gari lililoishi mjini miaka kumi bila kutumia L4 mara nyingi mota yake imeganda. Usifanye hivi kwenye lami kavu ukikata kona, utavunja vitu vya watu.

Hatua ya 7: Miguu

Nyanyua gurudumu la mbele ulitikise juu na chini (beringi na boljointi), kisha kushoto na kulia (tai rodi). Boljointi ya chini haina mjadala, ikichomoka gurudumu hukunjika. Tazama bushi za mikono ya chini kama zimepasuka, na mipira ya raki ya usukani kama ndani kuna oili. Yenye saspenshi ya hewa nyuma, iache imezimwa ukiwa unakagua mengine. Ikishuka upande mmoja, mfuko unavuja.

Tairi zina tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Tairi nne za chapa nne kwenye gari linaloendesha magurudumu yote muda wote huichosha difu.

Ndani, kaa siti ya tatu. Ikunje, ikunjue, na uwashe kiyoyozi cha nyuma: mabomba yake hupita chini ya gari na hutoboka.

Hatua ya 8: Karatasi

Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kitambulisho chake ukione. Tanzania, hakiki kadi TRA, kisha angalia deni la faini za barabarani na la maegesho, kwa sababu hufuata gari. Kenya, toa nakala ya rekodi ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone kama benki ina haki juu ya gari. Prado zilizotumika kwenye miradi na namba za DFP (za miradi ya wafadhili) mara nyingi zina faili kamili la matengenezo, jambo zuri kuliko rangi yoyote, lakini ziliingia kwa msamaha wa kodi. Usilipe senti kabla hujaona ushahidi kwamba ushuru umelipwa.

Malipo yafanyike benki, mmiliki akiwepo. Ukitoka hapo nenda kwa fundi umwage oili zote: injini (karibu lita 7 kwa KDJ, 7.5 kwa GDJ), difu mbili, na ile boksi ndogo ya gia ya chini. Kwa KDJ, mwambie afungue na sampu ya chini alitazame lile chujio.