Mashine ya kupumulia: kinga ya mapafu huanza na futi kamba

Mashine ya kupumulia humwokoa mgonjwa, na mashine hiyo hiyo inaweza kumuumiza mapafu. Mwaka 1974 Webb na Tierney waliwapuliza panya kwa presha kubwa, na mapafu yao yakajaa maji chini ya saa moja. Haya ninayoandika ni kwa wenzangu wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hasa mnapomhudumia mgonjwa mwenye ARDS, yaani mapafu yaliyoshindwa kazi ghafla. Mapafu yake si ya kawaida: sehemu kubwa imejaa maji au imesinyaa, na iliyobaki wazi inaweza kuwa ndogo kama pafu la mtoto wa miaka 5 au 6. Ukiingiza humo pumzi ya mtu mzima, vifuko vya hewa vinavutika kupita kiasi.

Hatua ya 1: Pima urefu. Usikisie, wala usiuchukue kwenye faili bila kuhakiki. Laza kitanda kikae sawa, nyoosha miguu, kisha pitisha futi kamba kutoka kisigino hadi utosini. Mapafu hufuata urefu. Mtu akinenepa, mapafu hayanenepi naye.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito unaotarajiwa. Chukua urefu kwa sentimita, toa 152.4, zidisha kwa 0.91. Kwa mwanamume ongeza 50, kwa mwanamke ongeza 45.5. Mama wa sentimita 160 anapata kilo 52.4. Kila pumzi ni mililita 6 kwa kilo, yaani kama 315. Sasa tuseme mizani inasoma kilo 90: aliyetumia uzito huo angempa 540. Kosa hili nimelikuta mara nyingi ninapopokea zamu, na kila mara linaniuma, kwa sababu kulizuia ni kazi ya dakika mbili. Utafiti wa ARDSNet, mtandao wa watafiti wa ARDS, wa mwaka 2000 ulilinganisha mililita 6 na 12 kwa kilo: vifo vilikuwa asilimia 31 dhidi ya 39.8.

Hatua ya 3: Soma presha ya plato, yaani presha ndani ya mapafu hewa ikiwa imesimama. Mgonjwa akiwa ametulia, havuti pumzi mwenyewe, bonyeza kitufe cha kusimamisha hewa mwisho wa pumzi kuingia. Mstari kwenye skrini unashuka kidogo kisha unalala. Hapo ulipolala ndipo pa kusoma, si kileleni. Isizidi sentimita 30 za maji. Ikizidi, shusha pumzi hadi mililita 5, hata 4 kwa kilo.

Hatua ya 4: Toa PEEP, presha inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi kutoka, kwenye plato. Plato 28, PEEP 10: tofauti ni 18, nayo ni kubwa. Lenga isizidi 15. PEEP huzuia vifuko visifunge na kufunguka kila pumzi, maana msuguano huo nao hujeruhi. Ukiipandisha na tofauti ikapungua, umefungua mapafu. Ikiongezeka, unayavuta tu, irudishe. Angalia na presha ya damu.

Hatua ya 5: Vumilia hewa ukaa. Pumzi ndogo huiacha ipande. Ongeza idadi ya pumzi, hadi 35 kwa dakika, ukitazama mstari wa hewa inayotoka: usipofika sifuri kabla ya pumzi inayofuata, hewa inarundikana. pH ya damu (kipimo cha asidi) ya 7.25 kwa kawaida huvumilika. Mwenye presha kubwa ndani ya fuvu ni habari nyingine, huyo usimwachie hewa ukaa ipande.

Hatua ya 6: Mlaze kifudifudi mapema. Presha ya oksijeni kwenye damu ya ateri (mmHg) ukiigawanya kwa kiwango cha oksijeni anayopewa (kwa desimali) ukapata chini ya 150 licha ya hayo yote, mgeuze kwa saa 16 au zaidi. Katika utafiti wa PROSEVA wa 2013, vifo vya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 32.8 hadi 16. Mnapomgeuza, mmoja ashike kichwa na mpira wa hewa, na ndiye anayehesabu. Wengine wafuate sauti yake.

Na dawa? Statini, dawa za kushusha kolesteroli, zilijaribiwa, hazikusaidia. Salbutamoli ya mshipani, dawa ya kufungua njia za hewa, ilidhuru. Dawa za kulegeza misuli zilionekana kufaa 2010, lakini jaribio kubwa la 2019 halikuona nafuu kwa kuzitumia kwa kila mgonjwa. Mimi huziweka kwa anayepigana na mashine. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, ilipunguza vifo katika jaribio la 2020, na inafaa kujadiliwa mapema na daktari. Lakini hakuna hata moja inayofidia mililita 540 zinazoingia kwenye pafu la 315. Kwa hiyo kila ninapoingia zamu, kabla ya kugusa chati ya dawa, naangalia urefu umeandikwa wapi na nani aliupima.